Gari Nililolikagua Nikiwa na Mafua

Kijana unayetaka kununua gari la familia, swali langu la kwanza kwako si una kiasi gani. Una shati la kuchafua? Kama huna, kaazime. Gari halinunuliwi kwa kusimama. Linanunuliwa kwa kulala chali chini yake, vumbi likikuingia masikioni, huku mwenye gari akikusemesha maneno matamu ili usione vizuri.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi mnakuja kwangu na simu. "Babu, mambo?" Nilistahili shikamoo, lakini naitikia "poa", yaishe. Mnanionyesha picha: gari la Kijapani, milango minne, linang'aa kama limepakwa samli. Zuri, babu? Nitajuaje? Picha haina harufu.

Nilikuwa fundi magari Kariakoo miaka ile ya Ujamaa, nilipokuja kutoka Masasi nikiwa na spana mbili na ndevu tatu. Gari jipya wakati huo lilihitaji kibali, na kibali kilihitaji uvumilivu ambao Mungu hakuwapa watu wengi. Kwa hiyo mwenye haja ya gari alinunua lililokwisha tumiwa na mtu mwingine, na kabla ya kununua alitafuta fundi wa kumkagulia. Nusu ya maisha yangu imepita kwenye kazi hiyo.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, mwenye gereji. Mtamcheka, lakini ni kweli: Mzee Salehe hakujua kuendesha gari. Alikuwa na baiskeli. Aliweza kufumua injini akaipanga tena huku akisimulia habari za harusi ya mpwa wake, lakini ukimweka nyuma ya usukani alitoka jasho kama bibi harusi. Tukimwuliza sababu, alisema, "Daktari wa wanawake anazaa?"

Alikuwa na pua. Kariakoo ilinuka dagaa, karafuu, vitunguu na moshi wa mkaa kwa pamoja, na yeye katikati ya hayo yote alifungua mlango wa gari, akaingiza kichwa, akavuta pumzi, akasema, "Hili rejeta yake inavuja," au, "Hili lilibeba samaki Kilwa." Hakukosea. Alinifunza hivi: kabla hujawasha, nusa. Sauti ya injini inaweza kudanganywa kwa mafuta mazito, rangi inaweza kupakwa juu ya kutu, lakini harufu ya gari ni vigumu kuifukuza. Akaongeza, "Na siku pua imeziba, sema imeziba. Mwambie mtu arudi kesho."

Sasa niwaambie kuhusu gari lenyewe. Jina la kampuni naliacha, maana Wajapani walileta ya aina hiyo zaidi ya moja na yote yalikuwa ndugu. Lilikuwa gari la wastani: si lile dogo la kumfanya baba mwenye nyumba akae magoti yakimgusa kidevu, wala si lile refu la wakubwa. Injini ya silinda nne. Ilikunywa petroli kama ndege anavyokunywa maji, na katika miaka ambayo petroli yenyewe ilipatikana kwa foleni, hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu alipende. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama benchi, na gia ilikuwa pembeni ya usukani, hivyo watu watatu walikaa mbele bila kugombana. Nyuma watoto wanne, watano wakiwa na adabu. Buti lilimeza magunia mawili ya mchele na tairi la akiba. Springi za nyuma zilikuwa za mabamba, kama za lori, basi mashimo ya Kariakoo yaliliumiza gari kidogo na abiria zaidi.

Tena lilikuwa na kifaa cha kupasha joto miguuni. Dar es Salaam! Mafundi tulikuwa tunakiwasha kwa makusudi siku za Februari ili kumtoa mbio mtu anayetusumbua.

Ubaya wake ulikuwa bodi. Bati lilikuwa jembamba, na hewa ya pwani ina chumvi. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, mlango unaoza kutoka ndani ukiwa bado unapendeza nje. Mpaka leo ninyi mnaoagiza magari, pitisheni kidole pale chini. Kidole kikitoka chekundu, shukuruni mwondoke.

Mwalimu Kimaro na mkewe, Mama Aikande, walikuja gereji siku ya Alhamisi. Walikuwa watu wa Kilimanjaro waliohamia mjini. Yeye alifundisha shule ya msingi, mkewe alishona sare za shule kwenye kibaraza karibu na sokoni. Binti yao Aikande alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipata ugonjwa wa kupooza alipokuwa mdogo, akawa anatembea kwa vyuma mguuni, na baba yake alimpeleka shule kwa baiskeli, kila siku, tangu darasa la kwanza. Lakini mtoto anakua. Mwalimu alikuwa mwembamba kama mwanzi, na baiskeli ilikwisha kumshinda.

"Tumepata gari la Kijapani," Mama Aikande akaniambia. "La milango minne. Mwenyewe anahamishwa kikazi kwenda bara. Tunataka fundi wa kutuangalizia."

Mzee Salehe alikuwa Bagamoyo mazishini. Nami nilikuwa na mafua. Si mafua ya kupiga chafya mbili, la, pua zote mbili zilikuwa zimefunga kama duka siku ya sikukuu. Macho yalinitoka machozi, kichwa kizito. Lakini nilikuwa kijana, mkuu wangu hayupo, na mwalimu mzima ananiita fundi. Nikachukua jeki yangu tukaenda Mnazi Mmoja, ambako muuzaji alikuwa ametusubiri.

Gari lilikuwa na rangi ya maziwa, safi, viti vimefunikwa vitambaa vipya. Nilipowasha injini iliitika mara ya kwanza. Nikasikiliza: tamu. Nikalala chini: hakuna mafuta yanayodondoka. Nikaliendesha kuzunguka uwanja, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi. Mwalimu alikuwa ananifuata kama mwanafunzi. Nikamwonyesha kile kifaa cha joto, akafurahi kweli. "Mama Aikande! Tukienda Moshi mwezi wa saba, mtoto hatatetemeka!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi. "Fundi," akasema, "naona unaumwa. Si bora tungoje upone?"

Muuzaji akadakia kwamba alasiri anakuja mtu mwingine kulitazama.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema maneno matatu: pua yangu imeziba. Badala yake nilifuta macho nikacheka. "Mafua tu, mama. Gari halikaguliwi kwa pua."

Wakalichukua.

Wiki mbili nilikuwa naliona likipita, Aikande mbele katikati ya wazazi wake kama waziri, nami nikitoka nje ya gereji kupunga mkono. Mkipata kazi hii mtajua raha yake. Mtu akipita kwenye gari ulilomchagulia, unajiona umemwozesha binti.

Jumamosi moja asubuhi Mama Aikande aliingia gereji kwa miguu. Shikamoo zangu hakuzisikia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kazi, akafungua leso, na ndani ya leso mlikuwa na jino.

"Hili ni la Aikande," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, ningependa kama angepiga kelele. "Breki zimekatika kwenye mteremko wa Jangwani. Baba yake amekanyaga mpaka mwisho, hakuna kitu. Amevuta ya mkono, waya umekatika. Amelielekeza gari kwenye rundo la mchanga, mkono wake umeteguka, na mtoto amegonga mdomo. Kama lile rundo lisingekuwepo, mbele yetu palikuwa na watu wanavuka." Akaliacha jino pale mezani. "Naomba uniambie wewe ulikagua nini."

Mzee Salehe, ambaye alikuwa amekwisha rudi, aliinuka akanawa mikono polepole, akamwambia, "Pole sana, mwanangu. Twende tukalione."

Vijana wa mikokoteni walitusaidia kulivuta kwa kamba kutoka Jangwani mpaka gereji. Mzee hakushika spana. Alifungua mlango wa nyuma, akainamisha kichwa ndani, akavuta pumzi mara moja tu.

"Maji," akasema. "Gari hili limelala majini."

Tukang'oa kiti cha nyuma. Chini ya zulia, chini ya vile vitambaa vipya, palikuwa na tope jeusi lililokauka na kupasuka, na ndani ya tope vikonokono vidogo vyeupe. Ndani ya mlango, mstari wa majani makavu ulionyesha maji yalipoishia: juu ya kiti. Masika yaliyopita bonde la Jangwani lilifurika, na gari hilo lilikuwa humo. Mtu alilisafisha injini vizuri, nje vizuri, na hakugusa breki. Tulipozifungua, matope yalikuwa yameganda ndani na vipistoni vimeshikwa na kutu. Mafuta ya breki yalitoka na rangi ya chai ya rangi.

"Hamisi," Mzee akaniambia mbele ya Mama Aikande. "Siku ile ulinusa?"

"Nilikuwa na mafua, Mzee."

"Ulimwambia?"

"Aliniuliza mwenyewe kama tungoje." Nikaokota kikonokono kimoja. "Nikamwambia gari halikaguliwi kwa pua."

Mzee Salehe alivua kofia yake, akakuna kichwa, akaivaa tena. Nilingoja anifukuze, na nawaambia kweli, ningeona nafuu. "Kuanzia leo," akasema, "gari hili ni lako mpaka litakapofaa kuwa lake." Akageuka akamsindikiza mama mpaka barabarani.

Muuzaji alikuwa amekwisha kwenda bara. Hata angekuwepo, swali lile la pua niliulizwa mimi.

Nililifumua gari lote. Sisemi breki tu, lote. Viti nje, milango nje, nyaya nikazitoa moja moja nikaziosha kwa brashi ya meno na kuzianika kwenye kamba kama nguo za mtoto. Nilifanya hivyo kila siku baada ya kazi za wateja, na Jumapili kutwa. Na kwa kuwa mkono wa Mwalimu ulikuwa umefungwa bendeji, baiskeli hakuiweza. Nikaenda nyumbani kwao Mchafukoge, nikasimama mlangoni, nikaomba nimpeleke Aikande shule mimi. Mama yake aliingia ndani. Kisha akamletea mtoto begi lake.

Asubuhi ya kwanza hatukuzungumza. Ya pili Aikande akasema kwa nyuma, "Shikamoo fundi, jana nilisahau."

"Marahaba. Mdomo vipi?"

"Unaniuma nikila embe bichi." Akashika shati langu. "Lakini sasa naweza kupiga mluzi. Zamani nilikuwa siwezi." Akapiga. Ulikuwa mluzi hasa, wa kumwita mbwa kutoka mtaa wa pili. Watu wakageuka. Nilicheka mpaka baiskeli ikayumba, kisha nikajikuta nalia, nikashukuru kwamba yuko nyuma yangu haoni.

Tatizo likawa vipira vya breki. Ndani ya breki mna vipira vidogo kama vikombe, na vikichoka hakuna breki. Spea madukani hakuna. Nikafikiri ujanja: nikachukua ngozi ya mpira wa ndani wa tairi, nikachonga vikombe vyangu kwa wembe, vikatoka vizuri ajabu. Nikampelekea Mzee kwa fahari.

Alivitazama, akavitupa kwenye pipa la taka. "Kabureta buni. Ekzosi buni, ukitaka funga kwa kopo la maziwa. Breki hazibuniwi."

Vijana, hilo liandikeni ukutani.

Ndipo akanifunza jambo ambalo limenisaidia miaka yote. Wajapani hawapendi kuchora kitu mara mbili. Gari lao la familia na pikapu yao ndogo, ya kampuni ileile, mara nyingi vina breki za aina moja. "Usitafute gari kama hili," akasema. "Tafuta pikapu." Nikazunguka Kariakoo siku nne nikiuliza wenye pikapu. Wa tano au wa sita alikuwa mzee wa vitunguu, muuzaji wa jumla, mtu wa kununua viwili kila alipohitaji kimoja. Alikuwa na pakiti mbili za vipira vipya ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda. Hakutaka fedha. Alitaka pikapu yake, ambayo ilikuwa haijaondoka kwenye matofali mwaka mzima, itembee. Nikaitengeneza. Ilipotoka uani mwake ikitoa moshi, alinikabidhi lile kopo kwa mikono miwili, biskuti mbili zikiwa bado ndani.

Ilichukua majuma saba. Nilipolimaliza, Mzee Salehe aliingia ndani, akakaa, akavuta pumzi. Akatoka. Akaenda kuchukua baiskeli yake kwenda kuwaita wenyewe.

Mama Aikande alilizunguka gari mara mbili. Mwalimu tayari alikuwa ananishukuru, mtu mwema yule, lakini mkewe alimgusa begani anyamaze. Akaniambia, "Una watoto, fundi?"

"Wawili, mama."

"Jumapili, tukitoka kanisani, utatuendesha mwenyewe kuteremka Jangwani. Sisi na Aikande tutapanda. Na mkeo atapanda. Na watoto wako."

Nikaenda nyumbani nikamweleza mke wangu Zainabu, yote tangu mafua. Jino nilikuwa sijamwambia, nikamwambia. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Wewe unaliamini?" akauliza.

"Naliamini."

"Basi nitawavisha watoto zile nguo za Idi."

Miaka ile magari yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kubana petroli, basi tulikuwa na kama saa mbili hivi. Mbele nilikaa mimi, Mama Aikande katikati, Mwalimu dirishani. Nyuma Zainabu na mdogo wetu mapajani, binti yetu Mariamu wa miaka mitatu, na Aikande na vyuma vyake. Tulipofika kichwani mwa mteremko ule wa Jangwani, kwenye Barabara ya Morogoro, nilimsikia Mama Aikande akisali kwa Kichaga. Zainabu nyuma alikuwa anasoma dua yake. Nilijua kila skrubu ya gari lile na bado nilishika usukani kwa mikono yote miwili.

Nikaliachia. Likashika mwendo, upepo ukaingia, bonde likafunguka mbele yetu. Katikati ya mteremko nikakanyaga.

Likasimama papo hapo, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

Kisha Mama Aikande akasema, "Tena."

Nikaenda mpaka Magomeni, nikageuza, nikapanda, nikateremka tena. Likasimama. "Tena," akasema. Nikageuza. Safari ya tatu nilipokanyaga, Mariamu alirushwa kifuani mwa Aikande akacheka kwa sauti, akapiga kelele, "Tena!" Aikande naye akapiga ule mluzi wake. Mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Gari zima likawa linacheka, watu barabarani wakitushangaa, wote tuliovaa vizuri tumesimama katikati ya mteremko bila sababu.

Mama Aikande peke yake hakucheka. Aligeuka akawatazama watoto wote kule nyuma, mmoja mmoja, kisha akanigeukia mimi.

"Kaka yangu naye anataka gari kama hili," akasema. "Kuna mtu analiuza Ilala. Jumatano utakwenda kumwangalizia."

Nikageuka kumtazama Zainabu.

"Atakwenda, dada," Zainabu akajibu kutoka nyuma. "Hata akionekana mzima, hatoki nyumbani kabla sijaipima pua yake."

Hapo ndipo Mama Aikande alipocheka. Nikatia gia, nikawarudisha watu wote Kariakoo kabla ya saa nane.